Mashine ya santuri ya zamani: ya kukagua kabla hujatoa pesa

Ile mashine ya mkoba yenye spika zake ndani ndiyo wengi wetu tuliyoanza nayo, na ndiyo ninayokusihi uiache mapema. Sindano yake hukaa kwenye katriji ya kauri (katriji ni kile kijisanduku kidogo kinachobeba sindano), na mara nyingi huikandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi. Katriji ya sumaku kwenye mashine nzuri hutaka gramu 2 hivi, nyingine chini ya hapo. Kila unapopiga wimbo, uzito ule unakwangua kuta za mfereji, na kilichokwanguliwa hakirudi.

Kwa santuri za kwetu jambo hili ni zito. Mimi nina sanduku la marehemu bibi yangu: taarab za lebo ya Mzuri ya hapa Mombasa, rumba na benga zilizofyatuliwa Nairobi, nyingi zikiwa santuri ndogo za 45, yaani zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Nyingi za aina hiyo hazijatolewa tena kwa namna yoyote. Nakala iliyo mkononi mwako huenda ikawa ndiyo pekee utakayoiona maishani. Kwa hiyo ninapomshauri mtu abadilishe mashine, utamu wa sauti nauweka wa pili. La kwanza ni kuzihifadhi hizo nyimbo.

Mashine mpya nzuri zipo madukani. Lakini kwa pesa zilezile, iliyotumika ya miaka ya 1970 mara nyingi itakupa sahani (ile inayobeba santuri) nzito zaidi, mota imara zaidi na mkono (ule unaobeba sindano) uliotengenezwa kwa chuma na si plastiki. Sharti ni ujue unachokikagua.

Anza na sanduku lako

Zitoe santuri zako zote uzipange kwa kasi. Kubwa za 33, ndogo za 45, na kama familia yako ina historia, huenda ukakuta zile nzito zinazovunjika kama kigae. Hizo ni za 78. Siti binti Saad na wenzake walirekodiwa Bombay na kampuni ya HMV mwaka 1928 kwenye santuri za namna hiyo, na lebo za Afrika Mashariki ziliendelea kuzitoa hata miaka ya 1950. Ukiwa nazo, orodha ya mashine za kutafuta inabadilika yote, kwa sababu nyingi zinazosifiwa leo hazina 78 kabisa. Technics SL-1200MK2 ina 33 na 45 tu. Thorens TD 160 vilevile, na Pioneer PL-12D vilevile.

Mwenye za 78 atafute Lenco L75 ya Uswisi, au Dual 1219 ya Ujerumani, au Garrard za Uingereza zenye kasi hiyo. Mimi nilichagua Lenco L75 kwa sababu ya sanduku la bibi. Ina sahani ya karibu kilo 4, na kasi unaibadilisha kidogokidogo kwa kusogeza kijiti, hivyo hata santuri iliyorekodiwa kwa kasi isiyo sawasawa unaweza kuivuta mpaka sauti ya mwimbaji ikae mahali pake. Mwenye 33 na 45 peke yake ana uhuru mkubwa zaidi, na kwake Technics ni chaguo lisilo na usumbufu.

Kagua pia tundu la katikati kwenye zile ndogo. Nyingine zina tundu jembamba, nyingine tundu pana linalohitaji kile kijiduara cha kuziba. Mwulize muuzaji kama kijiduara kipo. Mara nyingi kimepotea, na ni kitu kidogo kinachokupa nafasi ya kushusha bei.

Umeme, umeme, umeme

Hapa ndipo watu wengi wanapouziwa kitu ambacho hakitawahi kuimba vizuri nyumbani kwao, na muuzaji mwenyewe hajui.

Mashine hizi huja kwetu kwa njia nyingi. Nyingine zilinunuliwa madukani enzi zile. Nyingine zimeshuka na kontena la vyombo vya nyumbani kutoka Uingereza, na nyingine zimeletwa na jamaa anayerudi kutoka Marekani au Kanada. Hizo za mwisho ndizo za kuangaliwa sana. Kule umeme ni wa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Kenya ni volti 240 na mizunguko 50.

Tatizo la volti linaeleweka upesi: ukichomeka moja kwa moja, unaunguza. Mtu atakuambia, "Nunua transfoma tu, yamekwisha." Hayajaisha. Transfoma inashusha volti, lakini mizunguko inabaki 50. Mota nyingi za zamani hufuata mizunguko ya umeme, kwa hiyo iliyotengenezewa 60 itazunguka kwa kasi ya tano juu ya sita. Santuri ya 33 inazunguka kama mara 28 kwa dakika, ya 45 inashuka hadi 37 na nusu. Mwimbaji wa kike anageuka mwanamume mwenye usingizi.

Kwa mashine ya mkanda, yaani ile ambayo mota huzungusha sahani kwa mkanda wa mpira, dawa ni kubadilisha puli, yaani kile kigurudumu kidogo kilichovikwa kwenye ncha ya mota. Puli ya mizunguko 50 ni nene kidogo kuliko ya 60. Kwa majina yanayojulikana kama Thorens na Dual, puli za aina zote mbili hupatikana kwa wauza vipuri wa Ulaya. Kwa mashine isiyojulikana, utategemea fundi wa kuchonga vyuma, na usahihi unaohitajika hapo ni mkubwa. Lenco haikusumbui sana kwa hili, maana kasi unaisogeza mwenyewe. Na mashine ambazo sahani imekaa juu ya mota moja kwa moja, kama Technics SL-1200, kasi yake inatawaliwa na saketi ya ndani. Hiyo ukiipatia volti zake inazunguka sawasawa popote duniani.

Kwa hiyo igeuze mashine usome kibati cha nyuma au cha chini. Tafuta volti na tafuta "Hz", yaani ile mizunguko ya umeme kwa sekunde. Nilikwenda kuangalia mashine moja Kizingo, kwa mzee mmoja mstaarabu sana.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Iko mezani pale, ikague utakavyo."

"Ami, hii mliinunua hapa hapa?"

"La, hiyo alinijia nayo ndugu yangu kutoka Kanada. Haijapigwa sana, pale ilipo ni kama mpya."

Nikaigeuza: 120 V, 60 Hz, ya mkanda. Tukaongea naye vizuri, nikamweleza inahitaji transfoma na puli, na kwamba bei yake ihesabu vitu hivyo viwili. Hakuwa amelijua hilo, maana kila alipoijaribu alidhani santuri zake zimeharibika kwa joto.

Kama nyumbani kwako umeme unakatika na unapiga muziki kwa jenereta au kwa inveta ya sola, ongeza hilo kwenye hesabu. Jenereta ndogo haishiki mizunguko 50 imara. Inapanda na kushuka, na santuri inapanda na kushuka nayo. Inveta za bei ya chini hutoa umeme wenye ncha, na mota inanguruma. Katika nyumba ya namna hiyo ningetafuta Technics na kuacha mengine yote.

Aina tatu, na kila moja na ugonjwa wake

Ya mkanda ndiyo rahisi kutengeneza. Mkanda ukiwa umelegea au umekatika usiiache mashine, kwa sababu mkanda mpya ni bei ndogo. Lakini usilipe bei ya mashine inayofanya kazi kwa mashine ambayo hujaisikia ikizunguka. Thorens nyingi zimening'inizwa kwenye springi: bonyeza sahani taratibu katikati uachie. Inatakiwa irukeruke juu na chini bila kuyumba ubavuni. Ikiyumba, inataka kurekebishwa, na si kazi ngumu kwa mwenye subira.

Ya gurudumu la mpira, kama Lenco na Garrard za zamani, ina kigurudumu kinachobanwa kati ya mota na sahani. Ikiachwa miaka mingi kigurudumu kikiwa kimebanwa, mpira unapata bapa mahali pamoja, na utasikia "dug, dug, dug" kila sahani inapozunguka. Pitisha kidole kwenye ukingo wa mpira. Uking'aa kama umepakwa varnishi lakini ni mviringo, kitambaa chenye spiriti kidogo huurudisha. Ukiwa na bapa au nyufa, utahitaji kuvishwa mpira mpya. Kwa Lenco L75 kuna jambo la ziada: pale mkono unapoegemea pana vipande viwili vidogo vya mpira ambavyo kwa umri huu vimekauka na kumeguka. Karibu zote ziko hivyo. Vipya vinatengenezwa na vinapatikana, lakini vitaje kwenye mazungumzo ya bei.

Ya mota ya moja kwa moja hudumu kuliko zote, na ikifa, ugonjwa wake huwa wa umeme. Iwashe, uiache izunguke robo saa. Kwenye Technics angalia nukta za ukingoni mwa sahani chini ya ile taa ndogo nyekundu: mstari wa kasi sahihi unasimama tuli. Sogeza kitelezo cha kasi kutoka juu hadi chini. Kasi ikirukaruka, huenda ni uchafu wa kusafishwa tu. Sahani ikikimbia ovyo na isishikike, mwachie mwenye nayo, maana saketi nyingine za wakati ule hazitengenezwi tena.

Mashine zinazojiendesha, ambazo mkono unajiinua na kurudi wenyewe, zina vyuma vingi ndani na grisi iliyogeuka gundi. Dual zina kijipira kidogo sana ndani ambacho kikioza mkono haujiongozi tena. Hukauka karibu kwenye kila Dual ya zamani. Kipuri chake ni rahisi, kwa hiyo ukiambiwa "otomatiki yake imekufa" usikimbie, shusha bei.

Mbele ya muuzaji

Beba santuri moja unayoijua kila noti yake na usiyoionea uchungu sana, tochi, kipande cha selotepu, na mzani mdogo wa sindano kama unao. Kimzani hicho ni bei nafuu na kitakufaa maisha yako yote.

Ondoa kwanza sahani. Muuzaji asiyekubali uiondoe, mshukuru uende zako. Chini yake utaona ukweli wa mashine: kutu, waya zilizounganishwa kwa selotepu, mayai ya mijusi. Huku pwani, chumvi ya hewa ya bahari inakula kila kitu, kwa hiyo mulika tochi kwenye pini nne za kichwa cha mkono na kwenye plagi za sauti. Ukungu wa kijani kidogo unasafishika. Plagi iliyoliwa mpaka shaba itabadilishwa. Gonga mbao za sanduku kwa vidole usikilize kama dumuzi hawajaingia, na mwulize mashine ilikaa wapi: kabatini, stoo, au sebuleni karibu na dirisha la bahari.

Shika ule mhimili wa katikati uuzungushe. Uzunguke laini, bila kukwaruza na bila kucheza ubavuni. Mhimili mkavu wenye afya unatosheka na matone mawili matatu ya mafuta mepesi. Ya cherehani yanafaa kwa nyingi. Mafuta ya nazi au ya kupikia yanaganda, na mashine iliyowahi kutiwa hayo inahitaji kuoshwa mhimili wote. Mhimili wenye mikwaruzo ndani usiununue kwa bei yoyote. Mambo karibu yote mengine yanatengenezeka.

Halafu mkono. Huu ndio ninaoutazama kwa muda mrefu kuliko kitu kingine, kwa sababu mkono mgumu utazila santuri zako hata ukiuvalisha sindano ya thamani gani. Zungusha kile kizito cha nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, haupandi wala haushuki. Sasa uupulize polepole kwa pumzi. Usafiri kutoka nje hadi ndani bila kukwama popote. Ukisimama ghafla mahali palepale kila mara, beringi ina kutu au imegongwa. Ushike kwa vidole viwili uusukume taratibu mbele na nyuma: usiwe na mchezo (isipokuwa Lenco, ambayo huwa nao kidogo pale penye vile vipande vya mpira). Inua kijiti cha kuushushia. Ukidondoka kwa kishindo, mafuta mazito ya ndani yamekauka. Hilo linarekebishika, ila mpaka hapo ushushe kwa mkono.

Angalia pia kichwa kinavyofungwa. Cha kawaida katriji hufungwa kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 12.7, na hapo utapata katriji yoyote sokoni. Mashine zenye kichwa cha umbo lake pekee zinakufunga kwenye katriji zisizotengenezwa tena. Hizo mimi siziangalii mara ya pili.

Kasi unaipima bila chombo chochote. Bandika kipande cha selotepu ukingoni mwa sahani, uanze saa ya simu, uhesabu. Kwa 33, sahani inatakiwa imalize mizunguko 100 kwa dakika 3 kamili. Kwa 45, mizunguko 45 kwa dakika 1. Hesabu hii haidanganyi.

Mwisho piga santuri yako. Chagua mahali penye noti ndefu: fidla ya taarab, akodiani, au kinanda kinachoshikilia. Gitaa la rumba linaruka upesi mno kukuonyesha kasoro. Noti ndefu ikitetemeka kama inalia, kuna tatizo la mkanda, gurudumu au mhimili. Kisha inua sindano, ongeza sauti ya amplifaya, usikilize ngurumo. Ikinguruma, gusa ule waya mwembamba wa ardhi kwenye skrubu ya nyuma ya amplifaya. Ikikoma, hakuna tatizo. Hakikisha spika zote mbili zinaimba.

Sindano ni yako wewe kununua

Sindano iliyokuja na mashine ihesabu kuwa haipo. Hujui imepiga saa ngapi, na almasi iliyochakaa ina makali yanayochana. Kwa hiyo ukiwa na shilingi 40,000 mfukoni, usitafute mashine ya 40,000. Tafuta ya 25,000 au 28,000 ambayo mhimili na mkono wake ni mzima, na zilizobaki ziende kwenye katriji mpya, mkanda na kijimzani.

Wauzaji wengine watakusifia katriji ya Shure iliyopo kichwani. Zilikuwa nzuri, lakini Shure waliacha biashara hiyo mwaka 2018, na sindano za kubadilishia sasa ni za watengenezaji wengine, za ubora mbalimbali. Mimi hutumia Audio-Technica ya familia ya VM95, kwa sababu moja: mwili ni uleule, sindano unachomoa na kuchomeka. Kuna yenye ncha ya duara, VM95C, ya bei nafuu, ambayo naipenda kwa santuri ndogo za 45 zilizopigwa sana. Kuna VM95E kwa zile kubwa zilizotunzwa. Na kuna VM95SP ya santuri za 78, yenye ncha pana na uzito wa gramu 5 hivi. Usijaribu kamwe kupiga 78 kwa sindano ya kawaida: mfereji wake ni mpana mno, ncha nyembamba inazama mpaka chini na kukwangua uchafu wa miaka themanini. Wala usiache ile ya 78 iguse santuri ya plastiki ya 33 au 45.

Kumbuka amplifaya. Katriji ya sumaku hutoa milivolti 4 au 5 tu, wakati tundu la AUX, lile la kawaida la kuingizia sauti kwenye amplifaya, linangoja mamia. Amplifaya za zamani zina tundu lililoandikwa PHONO, na hilo linatosha. Kama yako haina, nunua kile kiboksi kidogo cha kukuza sauti ya fono kabla hata mashine haijafika nyumbani, usije ukasikia sauti ndogo iliyokonda ukadhani umeuziwa kibovu.

Kuibeba na kuiweka

Mashine nyingi huharibikia njiani, ndani ya tuktuk au kwenye buti la basi. Ondoa sahani uifunge peke yake kwa taulo. Chomoa kizito cha nyuma ya mkono. Vua kichwa kama kinavulika, ufunge mkono kwenye kipumzikio chake kwa uzi laini. Zenye springi huwa na skrubu za safari. Muulize muuzaji zilipo, uzikaze. Kisha uipakate mapajani.

Nyumbani, iweke juu ya kitu kizito, mbali na spika, na upime usawa kwa timazi ya maji juu ya sahani. Sisi wa nyumba za Mji wa Kale zenye sakafu za boriti tuna kazi ya ziada, maana kila mtu akipita sindano inaruka. Rafu iliyopigiliwa ukutani ndiyo dawa, na kuta zetu nene zinaibeba bila shida. Mwenye sakafu ya zege ana raha.

Funga katriji, uipange kwa karatasi ya vipimo ya mashine yako, weka uzito aliouandika mtengenezaji wa katriji na si pungufu: sindano nyepesi mno inarukaruka mferejini na kuharibu kuliko iliyozidi kidogo. Osha santuri kabla ya kuipiga. Anza na ile uliyokwenda nayo kwa muuzaji, upande wote, halafu itazame ncha ya sindano kwa tochi. Ikiwa imebeba donge la vumbi la kijivu, ioshe santuri tena. Wiki ya kwanza rudia ile hesabu ya mizunguko 100, kwa sababu mkanda mpya hujinyoosha na mafuta mapya hujisambaza, na kasi ya siku ya kwanza si lazima iwe ya siku ya saba.